Mifupa Inayocheza na Lugha Iliyozikwa

Kila mwezi wa Oktoba unapoelekea ukingoni, madarasa ya shule za msingi nchini Marekani hubadilika sura. Popo wa karatasi nyeusi huning'inizwa darini, utando wa buibui hutandazwa madirishani, na maboga yaliyochongwa macho na meno hupangwa juu ya meza ya mwalimu. Hayo ni maandalizi ya Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Walimu wa Kihispania nao hawabaki nyuma. Katika siku hizo hufundisha rangi kwa kutumia paka mweusi na boga la rangi ya chungwa, viungo vya mwili kwa kutumia kiunzi cha mifupa, na hesabu kwa kutumia macho ya jitu lenye vichwa vitatu.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa upuuzi unaopoteza muda wa masomo. Wako wanaolipinga kwa misingi ya dini. Wako pia wanaolisifu bila kuhoji lolote, kwa kuwa watoto wao hurudi nyumbani wakiimba. Mimi nimelitafakari kwa muda mrefu, kama mwalimu wa chuo kikuu na kama mtu niliyetoka katika jamii ambayo nayo haijamalizana na swali la lugha gani mtoto aruhusiwe kuisema shuleni. Rai yangu ni kwamba mbinu yenyewe ni nzuri na inastahili kutetewa. Hata hivyo, nchi hii inayowafurahisha baadhi ya watoto kwa Kihispania cha mifupa ya kuchezea ina kaburi lake la Kihispania, na mwalimu makini hana budi kulijua.

Nianze na mbinu. Mtoto hujifunza lugha pale anapokuwa na haja ya kuielewa, na vitu vichache humtia haja hiyo kuliko woga wa mchezo. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Kimarekani James Asher alieneza njia ya kufundisha lugha kwa amri zinazotekelezwa na mwili: simama, geuka, gusa pua. Mtoto anayeamriwa kwa Kihispania atembee kama mzuka, aruke kama popo, kisha aanguke kama maiti, ataishika amri hiyo kuliko yule aliyeinakili mara kumi daftarini. Wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa jambo hili na mwanasaikolojia. Bibi aliyeita "Paukwa!" akajibiwa "Pakawa!", kisha akatusimulia habari za zimwi lenye kula watu, alikuwa akitufundisha msamiati, tanakali za sauti na utaratibu wa kusimulia, ilhali sisi tulidhani tunaogopeshwa tu.

Tena maneno ya kutisha ya Kihispania yamebeba sarufi nyingi kuliko inavyodhaniwa. Neno murciélago, yaani popo, lina irabu zote tano za Kihispania ndani yake, na kwa hiyo ni zoezi kamili la matamshi. Neno fantasma, yaani mzuka, huishia kwa irabu ambayo kwa kawaida ni dalili ya ngeli ya kike, lakini lenyewe ni la kiume. Mwanafunzi hupata hapo somo lake la kwanza kwamba kanuni za lugha zina mipaka. Jitu la kuchora lenye macho matatu ya kijani na mkono mmoja mrefu humlazimisha mtoto kuoanisha nomino na sifa katika idadi na jinsia, kazi ambayo kwa msemaji wa Kiingereza ni ngeni kabisa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuoni ugeni mkubwa hapo. Anayesema "macho matatu makubwa" na "mkono mmoja mrefu" ameshazoea sifa kuifuata nomino na kuvaa vazi lake. Irabu zetu pia ni tano. Na Mhispania anapoogopa husema tengo miedo, maana yake "nina woga", kama anavyosema tengo hambre akiwa na njaa na tengo sed akiwa na kiu. Hata umri wake husema anao, kama sisi tunavyosema tuna miaka kadhaa. Msemaji wa Kiingereza hudai kwamba yeye "ni" mwoga, "ni" mwenye njaa, "ni" wa miaka minane. Nimewahi kuwaambia wazazi wa Kitanzania na Kikenya wanaoishi huku kwamba watoto wao wanaosema Kiswahili nyumbani huingia katika darasa la Kihispania wakiwa na akiba ambayo wenzao hawana. Wengi hushangaa, maana wameshaambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili kitamchelewesha mtoto.

Sasa nije kwenye pingamizi za dini. Wapo wazazi, Wakristo kwa Waislamu, wasiotaka watoto wao washiriki michezo ya wachawi na mizuka. Msimamo huo una heshima yake, na mwalimu anayeucheka anakosea. Mzazi ana haki ya kuelezwa mapema kitakachofanyika, na mtoto apewe kazi nyingine yenye uzito uleule wa lugha, asipelekwe kukaa peke yake maktaba kana kwamba ametenda kosa. Popo, buibui, usiku, mwezi na boga ni viumbe na vitu vya kawaida. Somo linaweza kujengwa juu ya hivyo bila mchawi hata mmoja. Ninachokikataa ni ile hofu inayoziweka pamoja sikukuu mbili zisizofanana, kisha ikazikataa zote bila kuijua hata moja. Na hapo ndipo walimu wenyewe wanapochangia kosa.

Halloween ilitokana na desturi za watu wa Ireland na Uskoti, na ilienezwa Marekani zaidi na wahamiaji wa karne ya 19. Kiini chake cha leo ni kutisha na kutishwa. Meksiko ina siku zake nyingine, tarehe 1 na 2 Novemba, ziitwazo Día de Muertos, yaani Siku ya Wafu. Siku hizo zinakwenda pamoja na sikukuu za Kikatoliki za Watakatifu Wote na ya Marehemu Wote, zikiwa zimechanganyika na desturi za wenyeji waliokuwapo kabla ya Wahispania. Familia hujenga nyumbani altare iitwayo ofrenda, wakaweka picha za marehemu wao, mishumaa, maji, mkate maalumu wa siku hiyo, na maua ya rangi ya chungwa yaitwayo cempasúchil. Imani iliyopo ni kwamba wapendwa waliotangulia huja kuwatembelea, na wanaotembelewa hawakimbii. Wanawapikia. Shirika la UNESCO liliingiza desturi hii mwaka 2008 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu kuhusu tofauti hiyo. Anajua kwamba mzimu wa babu na jitu la kubuni si ndugu. Anajua maana ya kwenda kulipalilia kaburi, ya kumtaja marehemu kwa jina lake mbele ya wajukuu, ya kumwaga maji au kusoma dua. Lakini katika madarasa mengi ya Kihispania, Siku ya Wafu hutiwa katika kapu moja na Halloween na kuitwa Halloween ya Meksiko. Watoto hupaka rangi fuvu lililochapishwa kwenye karatasi, huvishwa taji la maua ya plastiki, na kesho yake karatasi ziko jalalani. Wamejifunza neno calavera, yaani fuvu. Hawakuambiwa ni fuvu la nani.

Biashara nayo imechangia mkorogano huu. Mwaka 2013 kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno "Día de los Muertos" kuwa alama yake ya biashara, kwa ajili ya filamu iliyokuwa ikiitayarisha. Jamii ya Walatino ilipinga kwa nguvu, na kampuni ikaliondoa ombi hilo. Filamu yenyewe ilitoka mwaka 2017 kwa jina la Coco, na kwa haki niseme kwamba iliwaheshimu Wameksiko kuliko wengi walivyotarajia. Katika Jiji la Mexico kwenyewe, maandamano makubwa ya mafuvu na mavazi yanayotangazwa leo kwa watalii yalianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond ya mwaka 2015 kuyabuni kwenye skrini. Utamaduni hubadilika, na sidai kwamba ubaki mfungwa wa jana. Ninachodai ni kwamba mwalimu ajue kilicho cha familia na kilicho cha duka.

Mfano bora wa ninachokisema ni La Catrina, yule bibi wa mifupa mwenye kofia pana ya manyoya ambaye picha yake imejaa katika madarasa ya Marekani. Alichongwa na msanii José Guadalupe Posada mwanzoni mwa miaka ya 1910, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1913. Posada alikusudia kejeli ya kisiasa. Alimlenga Mmeksiko mwenye damu ya wenyeji aliyeonea aibu asili yake, akaiga mavazi na madaha ya Ulaya, akasahau kwamba chini ya kofia ile kuna fuvu kama la kila mtu. Baadaye, mwaka 1947, Diego Rivera alimchora katika mchoro wake mkubwa wa ukutani, akampa mwili na gauni. Basi picha inayopakwa rangi na watoto kama pambo ilizaliwa ikiwa swali: kwa nini unajionea aibu? Sijui swali linalomfaa zaidi mtoto anayejifunza lugha.

Swali hilo linatupeleka kwenye kaburi nililolitaja. Katika mji mdogo wa Marfa, magharibi mwa Texas, kulikuwa na shule iitwayo Blackwell, ambayo watoto wa asili ya Meksiko walisomea wakiwa wametengwa na watoto wa Kizungu hadi ilipofungwa mwaka 1965. Kusema Kihispania hapo kulikuwa kosa lenye adhabu. Mwaka 1954 wanafunzi waliagizwa kuandika katika vijikaratasi ahadi ya kutokisema tena. Vijikaratasi hivyo vilitiwa katika sanduku lililofanywa jeneza, likazikwa kando ya mlingoti wa bendera. Yalikuwa mazishi ya "Bwana Kihispania". Watoto walizika lugha ya mama zao, mbele ya walimu wao, kwa mikono yao.

Hiyo ndiyo tamthilia ya kutisha kuliko zote zilizopata kuchezwa katika shule ya Marekani kwa ajili ya Kihispania, na haikuwa na popo wala boga. Mwaka 2007 watu waliosoma katika shule ile, wakiwa watu wazima, walirudi wakafanya kinyume chake: walimfukua Bwana Kihispania. Mwaka 2022 ilitungwa sheria ya kuifanya shule hiyo kuwa eneo la kihistoria la taifa, chini ya idara ileile inayotunza mbuga na makumbusho ya nchi. Nadhani kila mwalimu anayetundika mafuvu ya karatasi mwezi Oktoba angepaswa kuijua hadithi hii.

Hakuna aliye na ruhusa ya kusema kwamba hayo yamepita. Ni kweli kwamba mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson, ambaye katika ujana wake alifundisha watoto wa Kimeksiko katika mji wa Cotulla, Texas, alitia saini sheria ya elimu kwa lugha mbili. Lakini mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo namba 227, lililobana sana mafundisho kwa lugha ya nyumbani ya mtoto, na iliwachukua miaka 18 kulifuta, mwaka 2016. Mwezi Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya taifa, katika nchi ambayo watu zaidi ya milioni 40 husema Kihispania nyumbani mwao. Kihispania bado ni lugha inayoshangiliwa kinywani mwa mmoja na kutiliwa shaka kinywani mwa mwingine.

Hapa ndipo ilipo hatari ya masomo haya ya kufurahisha. Mwaka 1997 mtaalamu wa lugha Guadalupe Valdés aliandika tahadhari kuhusu shule zinazofundisha kwa lugha mbili. Alionyesha kwamba mtoto wa Kizungu akitamka maneno machache ya Kihispania husifiwa kama mwenye kipaji, wakati mtoto wa mhamiaji akijifunza Kiingereza chote haonekani kuwa amefanya lolote la ajabu, maana hilo ndilo alilotarajiwa. Chukua sasa darasa la Oktoba. Mtoto mmoja anasema tengo miedo, naye anapigiwa makofi na kupewa peremende. Jirani yake alilisema neno hilo kwa mama yake jana usiku, kwa sababu kuna sauti mlangoni na baba hana hati za ukaazi. Wote wawili wametumia kitenzi kilekile kwa usahihi uleule. Shule imemwona mmoja tu.

Sitoi mfano huo ili michezo ifutwe. Kuifuta kungemwadhibu kila mtoto, na huyo wa pili angepoteza saa pekee ambayo lugha ya nyumbani kwake inasikika shuleni kwa furaha. Ninachopendekeza ni mambo ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyafanya bila bajeti kubwa.

Kwanza, zitenganishwe sikukuu. Tarehe 31 Oktoba iwe ya mizuka, mavazi na vicheko. Tarehe 1 na 2 Novemba ziwe za kumbukumbu, kwa sauti tofauti na kwa msamiati tofauti: bibi, babu, alipenda, alipika, aliimba. Hapo mtoto atakutana na vitenzi vya wakati uliopita akiwa na sababu ya kuvitumia.

Pili, waitwe wazazi na mabibi wanaoijua desturi, waje kama walimu, nao wasiishie kuleta chakula. Mama anayefanya usafi hotelini, ambaye shule humtumia barua za Kiingereza asizozielewa, akisimama mbele ya darasa kueleza kwa Kihispania kwa nini aliweka glasi ya maji mbele ya picha ya baba yake, mtoto wake hukaa wima kitini. Somo hilo halinunuliwi.

Tatu, ichezwe lotería, ule mchezo wa Kimeksiko wa kadi 54 ambamo Kifo, Fuvu na Shetani Mdogo wamo pamoja na Jua, Jogoo na Tikitimaji. Mtangazaji huita kadi, wachezaji hufunika picha. Hapo kifo kimekaa mahali pake, kimoja miongoni mwa mambo 54 ya dunia, na msamiati unakwenda mbali kuliko maboga.

Nne, kwa watoto wakubwa zaidi, zisomwe na kutungwa calaveritas, yale mashairi ya dhihaka ambamo Wameksiko huwaandikia walio hai kana kwamba Kifo kimekuja kuwachukua. Hawasalimiki humo wala mwanasiasa wala mwalimu mkuu. Mswahili aliyelelewa na mashairi ya kujibizana ataitambua mara moja nguvu ya utanzu huu: ni ruhusa ya kumwambia mkubwa ukweli kwa vina.

Nisingependa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ayasome haya kama habari za mbali. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa Kenya ya ukoloni walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu kwa kusema Kigikuyu. Mkoloni aliondoka, kibao kikabaki. Hadi leo zipo shule za binafsi katika nchi zetu ambazo ukutani pameandikwa agizo la kusema Kiingereza tu, na mtoto anayesikika akiomba maji kwa Kiswahili, Kisukuma au Kiluo hutozwa faini au kuchapwa. Mzazi ndiye anayelipa ada ya mazishi hayo, tena kwa muhula.

Ajabu ni kwamba hatuna uhaba wa mazimwi. Tunao wa kila aina, na sungura wa kuwashinda akili, na majini wa pwani, na vitendawili vya kuwafungulia mlango. Kwa familia zetu zilizo ughaibuni, mbinu ya walimu wa Kihispania ni ya kuigwa bila kusita: jioni moja ya giza, taa imepunguzwa, na mtoto anaambiwa kwa Kiswahili kwamba zimwi lina jicho moja kubwa jekundu na miguu saba mirefu. Atauliza swali. Akiuliza kwa Kiingereza, ajibiwe kwa Kiswahili bila ukali, na hadithi iendelee. Haitapita wiki kabla hajataka kujua zimwi lilikula nini.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lugha ya nyumbani ilifanywa zimwi shuleni, Texas na kwetu pia, na watoto wakafundishwa kuikimbia. Kwa mtoto aliyetishwa hivyo, saa moja ya kuucheka mzuka kwa lugha ya mama yake si jambo dogo, mradi mwalimu anajua kilichozikwa chini ya mlingoti na yuko tayari, mtoto akiuliza, kumweleza.